Nyama ya Katikati ya Sinia

Ukitaka kumuudhi Karani, ulimwambia, "Basi mzee, yaishe." Angeweka kikombe chini, akutazame juu ya miwani, kisha akuambie kwamba yaishe ni neno la mtu aliyechoka, si la mtu aliyepatana. "Yataishaje na wewe hujui yalivyoanza?" Hapo angekurudisha mwanzo wa ugomvi wako, akuulize nani alisema nini, na wewe ulikuwa umesimama wapi, mpaka ujute kupanda ngazi kuja kwake.

Alikaa ghorofa ya juu yangu, mtaa wa Malaz, Riyadh, katika jengo la rangi ya mchanga ambalo lifti yake ilifanya kazi ilipotaka. Mimi ni mfamasia, Mtanzania, niliyekuja kwa mkataba wa hospitali. Yeye alikuwa mtu wa Mombasa aliyeishi Amerika sehemu kubwa ya maisha yake, akapata uraia, akawa karani katika bunge la jimbo moja huko. Kazi yake ilikuwa kuandika miswada. Wabunge walileta walichotaka, yeye akakigeuza kuwa sheria inayosomeka. Watu wa ofisi yao walikatazwa kuwa na chama cha siasa. Alipostaafu, ofisi ya mawakili ya mtaa wa Murabba ilimpa kazi ya kupitia na kutafsiri mikataba, na ndivyo alivyotuangukia. Kila mtu alimwita Karani. Ukimwita mheshimiwa alikemea. "Waheshimiwa niliwaandikia. Mmoja mmoja nawajua."

Ijumaa baada ya sala alipika. Alikuwa na sinia kubwa la aluminiamu lililobonyea ukingoni, alilosafiri nalo kutoka Mombasa hadi Amerika na kutoka Amerika hadi Riyadh, likipakiwa kati ya mashuka. Wali ulitandazwa, nyama ikawekwa katikati, na sheria yake ilikuwa moja: hapana mtu kujichukulia nyama. Ulikata kipande, ukakiweka upande wa mwenzako, naye akakata akaweka upande wako. Kwa watu waliopatana, huo ni ukarimu wa kawaida ambao kwetu pwani hauhitaji kuelezwa. Kwa watu waliogombana, ilikuwa mateso, na Karani alilitumia sinia lake kwa watu waliogombana.

Niliwaona hapo Wafula na Mutiso, madereva wawili Wakenya waliokaa chumba kimoja Murabba. Wafula aliendesha gari la ofisi ya Karani. Walikuwa hawasemezani kwa sababu ya kiyoyozi.

"Mzee, huyu jamaa analala ni kama yuko Limuru," Wafula alisema. "Naamka asubuhi pua imekuwa bomba."

"Na yeye anataka tuchomeke kama samosa," Mutiso alijibu, akimtazama Karani peke yake. "Mwambie mimi nashinda juani mchana kutwa. Usiku nataka baridi. Ni hiyo tu."

"Mwambie mwenyewe. Si yuko hapa?"

"Siongei na yeye."

"Haya. Basi mkatie nyama."

Mutiso alilitazama sinia, akamtazama Karani, akaona mzee hana haraka. Harufu ya iliki ilikuwa imejaa chumba. Mwishowe alikata kipande kidogo chenye mfupa, akakisukuma kwa kidole upande wa Wafula.

"Ona!" Wafula alipiga kelele. "Mzee, ona mfupa nimepewa!"

Sote tulicheka, Mutiso naye. Walipomaliza kula, kitanda cha Mutiso kilikuwa kimehamishiwa chini ya kiyoyozi, cha Wafula kimepelekwa karibu na mlango, na digrii zimepangwa mahali ambapo hapana aliyepapenda. Waliondoka wakinung'unika. Karani aliwasikiliza wakishuka ngazi, akaridhika. "Wakinuna wote wawili kiasi kimoja, hapo nimefika. Akitoka mmoja anacheka, ujue nimeharibu."

Mtu huyu, aliyewalazimisha wengine kugawana joto na baridi, hakugawana chochote chake. Kiti chake kilikuwa cha karibu na dirisha na hukukikalia hata kama yeye alikuwa jikoni. Chai yake ilikuwa ya tangawizi bila sukari, na mgeni aliyeomba sukari alipewa pamoja na maneno. Alibishana na muuza mayai wa chini kuhusu ukubwa wa mayai mpaka Myemeni yule akawa akimwona anafunga nusu ya mlango. Nilimwambia siku moja kwamba mtu mgumu kama yeye hakupaswa kuwa mpatanishi. Akavua miwani.

Hii nieleze. Karani hakuwa mtu wa kucheka. Uso wake haukubadilika akisema kweli wala akifanya mzaha. Lakini kila alipotania, alivua miwani kwanza, akaifuta kwa ncha ya shati, ndipo akasema. Ukimjua, ulitazama mikono yake, si mdomo. Siku ile aliifuta, akasema, "Mimi nimewapatanisha watu wagumu miaka mingi. Wadhani nilijifunzia wapi ugumu wao?"

Hakuwahi kutaja vyama vya Amerika kwa majina. Katika chumba cha kamati alichofanyia kazi, wabunge wa chama kimoja walikaa upande wa dirisha na wa kile kingine upande wa mlango, na yeye alikaa mwisho wa meza, kati yao. Basi kwake kulikuwa na watu wa dirishani na watu wa mlangoni mpaka mwisho. Yeye mwenyewe alimpigia nani kura, hakusema. Mkewe aliishi naye hadi kufa bila kujua. Wafula alijaribu kumtega kila mara uchaguzi wa kule ulipotajwa kwenye taarifa ya habari.

"Mzee, kura yako ilienda wapi? Niambie tu mimi. Nitaambia nani, Mutiso?"

"Ilienda kwenye sanduku."

Nilipenda kumsikiliza akisimulia kazi yake ya zamani, kwa sababu aliisimulia kama fundi, si kama mwanasiasa. Alisema mwanzoni wabunge wale waligombana mchana hadi mishipa ya shingo ikasimama, na jioni ukawakuta wamekaa pamoja wanaulizana habari za watoto. Kila upande ulijua kitu kimoja ambacho mwenzake hawezi kukiachia, na hawakukigusa hicho. Walivutana kwa yaliyobaki. Karani alipeleka maneno chumba hiki na kile. Akienda kwa mtu wa dirishani, alimwambia, "Yule wa mlangoni yuko tayari kulegeza hapa, ukimlegezea pale." Ukweli ni kwamba yule wa mlangoni alikuwa hajasema hivyo bado. Lakini aliposikia mwenzake amelegeza, alilegeza. Karani aliliita hilo kumwazima mtu neno.

"Huo si uongo?" nilimuuliza.

"Ni mbao. Wataka kujenga daraja, waweka mbao kwanza, saruji ikishika waziondoa. Na wao walijua. Mbunge mmoja alinambia waziwazi, 'Karani, nenda kaniazimie neno kwa yule, mimi siwezi kuanza.' Kuanza ndiyo kazi. Hapana atakaye kuanza."

Kisha mambo yakageuka, naye hakuweza kutaja siku yalipogeuka. Aliona tu dalili. Jioni zile za pamoja zilipungua. Mbunge mmoja wa dirishani, mtu mcheshi, alipigwa picha akicheka na wa mlangoni kwenye korido. Picha ile ilitumiwa dhidi yake na watu wa chama chake mwenyewe katika kura za mchujo. Hawakumshtaki kwa jambo aliloliunga mkono wala alilolipinga. Walionyesha kicheko. Akaanguka. "Baada ya hapo," Karani alisema, "waliingia kwenye chumba cha kamati kila mmoja ameshika uso wake kama abebaye maji."

Muswada wake wa mwisho ulihusu kukarabati daraja, daraja la kweli, la chuma. Lilikuwa limezeeka, mto chini yake, na huku na huku wakiishi watu wa vyama vyote viwili. Mabasi ya shule yalipita hapo. Hapana aliyelipinga. Karani aliuandika muswada akaupeleka kwa mbunge aliyemheshimu, mtu wa siku nyingi. Mbunge akausoma wote akiwa amesimama mlangoni pa ofisi.

"Umeandika vizuri," alisema. "Nakubaliana na kila mstari."

"Basi utaupigia kura."

"Siwezi. Wale wataupigia kura pia."

Karani alidhani anataniwa. Alisubiri. Mbunge akamrudishia karatasi, akamshika bega kwa upole, akaenda zake. Daraja lilifungwa, mabasi yakazunguka mbali. Karani aliandika barua ya kustaafu. "Niliajiriwa kutafuta katikati. Sasa katikati ikawa mahali pa kushtakiwa. Ningekaa nifanye nini?"

Alituambia kisa hicho mara nyingi, na kila mara nilidhani huzuni yake ni ya kazi. Baadaye ndipo nilipojua kwamba alikuwa akisimulia habari za nyumbani kwake.

Alikuwa na watoto wawili, wa kiume na wa kike, waliolelewa na mama yao kwa Kiswahili kizuri katikati ya Amerika. Mwana alikuwa na gereji ya matrekta katika mji mdogo. Binti alifundisha shule katika jiji kubwa. Mmoja aliangukia mlangoni, mwingine dirishani. Kwanza walikuwa wakibishana mezani na baba yao akafurahi, akiona ni watoto wenye akili. Halafu wakabishana kwenye simu, kisha kwa maandishi mbele ya watu wasiowajua. Kila mmoja akawa na marafiki waliomshangilia kwa kadiri alivyomuumiza mwenzake.

Mama yao alipougua, hospitali ya karibu ilikuwa imefungwa, akapelekwa ya mbali, akafia njiani. Makaburini, mbele ya watu, binti alimwambia kaka yake kwamba watu wa upande wake ndio walioifunga hospitali ile, na kwamba yeye kwa kura yake ni muuaji. Kaka yake akawageukia waliokuwa wakifukia, akasema, "Huyu si wa kwetu tena." Hayo ndiyo maneno mawili yaliyowatenganisha. Muuaji, na si wa kwetu. Khitma zilisomwa mbili, katika nyumba mbili, kwa sababu hapana aliyekubali kuvuka kizingiti cha mwenzake. Karani alikwenda zote.

"Nilikula pilau mbili za mke mmoja," aliniambia. Hakuvua miwani.

Tangu siku ile alitaka jambo moja. Alitaka kuwaona wanawe wakila sinia moja kabla hajafa. Hakutaka wapendane, wala mmoja ahame upande wake. Aliniambia hivyo kwa mpangilio, kama anayeniandikia vifungu. "Wabaki walivyo. Wakatiane nyama tu, nione kwa macho yangu. Halas, basi."

Ofisi yake ilipomhamishia tawi la Jeddah, alipata nyumba Al-Baghdadiyah, vyumba viwili juu ya duka la vitambaa, na akaona nafasi imefika. Jeddah ni mlango wa Makka. Aliwaita wote wawili waje umra, kila mmoja na kundi lake, kwa wakati mmoja, kisha Ijumaa wapite kwa baba yao. Alinipigia Riyadh kunipa habari, na sauti yake ilikuwa changa.

"Wamekubali?" niliuliza. "Wanajua kwamba watakutana?"

"Wajua."

"Umefanyaje, mzee?"

"Nimewaazima neno."

Binti ameambiwa kwamba kaka yake anajutia kusema si wa kwetu. Mwana ameambiwa kwamba dada yake amelirudisha lile la muuaji. Hapana hata mmoja aliyesema hivyo.

"Na wakiulizana?"

"Hawasemezani, wataulizana wapi? Wataulizana juu ya sinia, na hapo watakuwa wamekwisha kukaa. Mtu akishakaa, kuinuka ni kazi. Kijana, hii ndiyo kazi yangu."

Wiki ile mimi nilikuwa na mafunzo Jeddah. Akanitaka nije niwepo. Alisema watu wa damu hujizuia mbele ya mgeni.

Nilimkuta amevaa kanzu iliyopigwa pasi, amepika tangu alfajiri. Sinia lilikuwa sakafuni juu ya mkeka, wali umetandazwa, mguu mzima wa mbuzi umelala katikati. Mwana alifika kwanza, kipande cha mtu, kichwa kimenyolewa baada ya umra, akanisalimia kwa lafudhi ya Mombasa kana kwamba aliondoka jana. Binti akaja baadaye kidogo. Alibusu mkono wa baba yake, akasimama. Ndugu wale walitazamana. Mwana akasema, "Umekonda." Binti akasema, "Wewe umenenepa." Karani alikohoa kuficha furaha yake, akatutaka tukae.

Tulikaa. Tulisema bismillahi. Mwana alikata kipande kizuri cha nyama, kisicho na mfupa, akakishika mkononi.

"Dada," alisema, "baba aliniambia. Kuhusu lile neno. Ahsante. Najua haikuwa rahisi kulirudisha."

"Neno gani?"

"La makaburini."

Binti aliondoa mkono wake kwenye wali. "Mimi sijarudisha neno. Wewe ndiye uliyerudisha lako. Baba alinambia umejuta."

"Nimejuta mimi?"

Wote wawili wakamgeukia Karani. Nilikuwa nimekaa mkabala naye na niliona vidole vyake vimesimama ndani ya wali.

"Kuleni kwanza," alisema.

"Baba, ulitudanganya?" binti aliuliza.

"Nilisema mliyokuwa karibu kuyasema."

"Hatukuwa karibu kuyasema!" Hilo walilisema karibu pamoja, na kwa nukta moja walitazamana kama watoto waliokutwa na kosa moja. Nilidhani watacheka. Nadhani Karani naye alidhani hivyo, maana aliinama mbele.

"Sikizeni. Mmevuka bahari kwa maneno hayo. Mtu hapandi ndege kufuata neno asilolitaka. Mlitaka kuyasikia. Basi yasemeni sasa, yawe kweli, na uongo wangu utakuwa umekufa hapa hapa. Ni maneno mawili tu, wanangu. Yasemeni tule."

Kutoka dukani chini tulisikia mtu akimwita mwenzake, yalla, yalla. Mwana alikuwa bado ameshika ile nyama. Sijapata kuona watu wawili wakikaribia kitu namna ile.

"Aanze yeye," binti alisema.

"Aanze aliyetukana kwanza."

"Unaona, Baba? Ndivyo walivyo. Hawawezi kukiri."

"Sisi? Ninyi mnataka mtu aombe radhi, kisha mumpige nayo maisha yake yote!"

Baada ya hapo sikumsikia tena kaka wala dada. Nilisikia dirisha na mlango. Yalikuwa maneno ninayoyasikia kwenye televisheni ya chumba cha wauguzi, kwa mpangilio ule ule, nami niliweza kubashiri lifuatalo. Karani alisema, "Wanangu," akasema tena, "Wanangu." Mwishowe binti alisimama, akamgeukia yeye, machozi yanamtoka.

"Na wewe Baba? Umekaa katikati umri wako wote. Mama amekufa hajui. Uko upande gani?"

"Mimi ni baba yenu."

"Hilo si jibu," mwana alisema. Hapo tu ndipo walipokubaliana.

Mwana alirudisha nyama katikati ya sinia, akanawa mikono. Waliondoka kwa teksi mbili. Karani alikaa pale pale mpaka wali ukakauka juu. Nikamuuliza lile ambalo mtu wa kazi angetaka kuulizwa, kwa nini mbao zilishika kule bungeni na zisishike hapa.

"Wale walijua ni mbao. Walitembea taratibu, kila mmoja akimchunga mwenzake. Hawa walidhani ni saruji." Akachukua kitambaa akalifunika sinia. "Kosa ni langu. Nimetumia ufundi wa watu waliokufa."

Nilirudi Riyadh. Tulipigiana simu, kwanza kila Ijumaa, halafu kwa nafasi. Aliniambia amenunua televisheni kubwa, anatazama habari za Amerika kutwa. Alisema anataka kuelewa watoto wake wanaona nini. Asubuhi alitazama stesheni anayotazama mmoja, jioni ya mwingine. Nilimwambia apumzike. Baada ya muda alisema ya jioni inamuumiza kichwa, ameiacha. Kisha nikaanza kusikia katika mazungumzo yake neno jipya. Hakusema tena watu wa dirishani na watu wa mlangoni. Alisema "wale."

Siku moja Wafula alinisimamisha nje ya hospitali. Yeye na Mutiso walikuwa wamekosana tena, sasa kwa sababu ya zamu ya kufua, na walikuwa wamempigia mzee Jeddah awaamue, simu wameiweka katikati yao juu ya ndoo.

"Akasemaje?"

"Hakusikiza hata. Ametuambia yaishe."

"Karani? Amesema yaishe?"

"Ndivyo amesema. Yaishe, halas, akakata simu. Hata Mutiso ameshtuka. Tumejiamulia wenyewe tu, mimi nafua Jumatatu." Alitikisa kichwa. "Huyo si mzee wetu, daktari. Kuna mtu mwingine ameshika hiyo simu."

Nilipopata safari nyingine ya Jeddah nilikwenda moja kwa moja Al-Baghdadiyah. Nilimkuta amepungua mwili, ndevu zimekuwa nyeupe zote, lakini alikuwa na uchangamfu ambao sikuutarajia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Ingia, ingia. Mmoja amenirudia."

Alikuwa na maana ya watoto wake. Mmoja alikuwa anampigia sasa kila siku, na walizungumza kwa saa nzima, wakitazama stesheni moja, yeye huku na mtoto kule. Mkataba wake ulikuwa unakaribia kwisha na ikama, kibali chake cha kuishi, pamoja nao, na mtoto huyo alikuwa amemtayarishia chumba. Sharti lilikuwa asimtaje mwenzake ndani ya nyumba. Amekubali. Ninapokisimulia kisa hiki, kila mtu huniuliza ni mtoto yupi, na uso wake hunionyesha kwamba anasubiri jibu ili ajue amhurumie Karani au asimhurumie. Kwa hiyo sitaandika.

"Na yule mwingine?" niliuliza.

"Yule amewachagua wale."

Televisheni ilikuwa imewashwa, sauti imepunguzwa. Alipakua chakula. Alileta sahani mbili, moja yangu na moja yake, kila moja na wali wake na nyama yake. Nilitazama huku na huku. Sinia nililiona sakafuni chini ya kiyoyozi, limewekwa likinge matone. Maji yalikuwa yamejaa hadi pale lilipobonyea.

Alikula akitazama skrini. Aliniambia mambo ya wale, mipango yao, uongo wao, na jinsi watu wa upande wetu walivyokuwa wajinga siku zote kudhani inawezekana kuzungumza nao. Alisema upande wetu. Nilimkumbusha habari za daraja, na yule mbunge aliyesimama mlangoni pa ofisi akakubaliana na kila mstari. Nilidhani hilo litamgusa.

"Alifanya sawa," Karani alisema. "Mimi ndiye sikuelewa."

Nikafanya nilichojifunza nyumbani kwake. Nilikata kipande cha nyama kwenye sahani yangu, kizuri, kisicho na mfupa, nikanyoosha mkono nikakiweka kwenye sahani yake.

Aliacha kutafuna. Alikitazama kile kipande kwa muda, kisha akanitazama mimi, Mtanzania, mfamasia, mtu asiye na kura Amerika wala ndugu huko.

"Kwanza niambie," alisema. "Uko upande gani?"

Nilitazama mikono yake. Nilisubiri ipande usoni, ivue miwani, itafute ncha ya shati. Ilibaki mezani, mmoja upande huu wa sahani na mmoja upande ule, na nyama niliyomkatia ikapoa katikati yake.